Jina Likishaandikwa, Litafutwa Lini?

Haya niliyasema Jumamosi mjini Mombasa, mbele ya wasaidizi wa sheria, wanafunzi wa sheria na wazazi waliokuja na watoto wao. Waliokosa kufika wameniomba nakala. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni picha za ukutani, na mzaha mmoja ambao hata siku yenyewe haukuchekesha.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru kwa kunikaribisha.

Nianze na varanda ya mahakama. Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mtoto wa miaka saba katika kesi ya unajisi. Mshtakiwa alipatikana na hatia, akafungwa. Tulipotoka nje, mama wa mtoto alinishika mkono. Hakunishukuru, wala sikutarajia anishukuru. Aliniuliza: “Wakili, siku atakayotoka, mimi nitajuaje?”

Sikuwa na jibu la maana. Nilisema maneno ya kiwakili, yale marefu yasiyosema kitu.

Swali la mama yule ndilo lililozaa sheria ninazozizungumzia leo, kwa hiyo mtu asidhani nimekuja kulidharau. Nimekuja na swali la pili, linalotembea nyuma ya lile la kwanza kama kivuli: jina la mtu likishaandikwa kwenye daftari la wahalifu wa ngono, litafutwa lini? Na nani mwenye kazi ya kuuliza?

Twendeni Marekani, maana huko ndiko daftari hili lilikokua mpaka likawa jitu.

Oktoba 1989, katika mji mdogo wa St. Joseph, jimbo la Minnesota, mvulana wa miaka 11, Jacob Wetterling, alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli, yeye na mdogo wake na rafiki yao. Mtu aliyefunika uso, mwenye bunduki, akawasimamisha. Wawili akawaambia wakimbie. Jacob akamchukua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2016. Hesabuni wenyewe hiyo miaka, kisha mfikirie mama anayehesabu siku.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina la Jacob, ikiyataka majimbo yaweke daftari la waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono dhidi ya watoto. Mwaka huo huo, New Jersey, msichana wa miaka saba aitwaye Megan aliuawa na jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyekuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa kuwadhulumu watoto wengine. Wazazi wake walisema: tungejua, tungemlinda. Mwaka 1996 ikaja sheria yenye jina la Megan, na daftari ambalo lingeweza kubaki mezani kwa polisi likafunguliwa kwa umma. Mwaka 2006 ikaja nyingine, iliyopanga watu katika ngazi tatu: miaka 15, miaka 25, na maisha. Aliye ngazi ya maisha anatakiwa kufika mwenyewe mbele ya maafisa kila baada ya miezi mitatu, hadi siku atakayozikwa. Na kwa makosa mazito zaidi, hata mtoto wa miaka 14 anaweza kuingia humo.

Naomba niwaulize. Mngekuwa wabunge, wazazi wa Jacob wameketi pale juu wanawatazama, nani kati yenu angepiga kura ya kupinga? Nyoosheni mikono.

Naona hakuna. Na mimi nisingenyoosha.

Sasa, nyote mnaujua usemi wetu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tunausema kwa kujivuna: haimwachi tajiri, haimwachi maskini. Lakini kuna upande mmoja ambao Katiba inaukataza msumeno huo kukata, nao ni jana. Huwezi kumfunga mtu leo kwa jambo ambalo jana halikuwa kosa. Wala huwezi kumwongezea adhabu leo juu ya ile aliyopewa jana na kuimaliza. Wamarekani walilitia hilo katika Katiba yao tangu mwanzo. Sisi tunalo katika ibara ya 50 ya Katiba yetu ya 2010.

Basi jimbo la Alaska lilitunga sheria yake ya daftari mwaka 1994, ikawakamata hata waliokuwa wamekwisha kutumikia vifungo vyao. Wanaume wawili, waliokuwa wametoka gerezani mwaka 1990 na kupitia mafunzo ya kurekebishwa, wakaambiwa warudi kujiandikisha, kwa maisha, na kila miezi mitatu. Wakaenda mahakamani. Wote wawili waliitwa Doe, jina la kupanga. (Kesi hizi zina kichekesho chake. Mtu analalamika kwamba jina lake limetangazwa dunia nzima, na mahakama, kwa huruma zake, inaanza kwa kumpa jina la kumficha.)

Hoja yao ilikuwa fupi: hii ni adhabu mpya, na msumeno umekata jana.

Tarehe 5 Machi 2003, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, majaji sita kwa watatu. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba lengo la sheria ile ni kutoa habari, si kuadhibu. Mtu anayefungua tovuti ya daftari, alisema, ni kama mtu aliyekwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu za serikali akaomba faili. Na ikiwa si adhabu, katazo la Katiba haligusi.

Siku ile ile mahakama ile ile ikaamua kesi nyingine, ya jimbo la Connecticut. Mlalamikaji alisema: kabla ya kunitangaza, nipeni nafasi nithibitishe kwamba mimi si hatari. Majaji wakajibu: huna haki ya kusikilizwa juu ya hatari yako, kwa sababu sheria hii haiulizi kama wewe ni hatari. Inauliza tu kama ulitiwa hatiani.

Jibu hilo ukilisoma haraka ni la mantiki kabisa. Mimi nimelisoma mara nyingi, na kila mara linanikwama kooni. Daftari linahalalishwa kwa sababu watu hawa ni hatari. Mmoja wao anaposema “hebu nipimeni hiyo hatari”, anaambiwa hatari si jambo tunalolipima. Ni kama mganga anayekuuzia dawa ya homa, ukimwomba akupime joto anakwambia yeye hashughuliki na joto.

Na hiyo hatari yenyewe ilitoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, vijana wa sheria mnisikilize.

Mwaka 2002, katika kesi iliyotangulia, Mahakama ya Juu iliandika kwamba uwezekano wa wahalifu hawa kurudia kosa ni wa kutisha na ni mkubwa, na kwa wasiopata tiba ikataja hadi asilimia 80. Mwaka 2003, katika kesi ya Alaska, maneno hayo ya kutisha yakarudiwa. Baada ya hapo mahakama za chini zikayabeba kama aya ya msahafu. Watafiti walipokuja kuifuata ile asilimia 80 hadi chanzoni, waliikuta katika makala ya gazeti la saikolojia la watu wote, ya mwaka 1986, iliyoandikwa na mtaalamu aliyekuwa akiendesha mafunzo ya wafungwa huko Oregon. Utafiti wowote wa kuiunga mkono haukuwamo. Ilikuwa kauli tu.

Mwaka ule ule wa 2003 Wizara ya Sheria ya Marekani yenyewe ilitoa takwimu za wafungwa 9,691 wa makosa ya ngono waliotoka magerezani katika majimbo 15 mwaka 1994. Ndani ya miaka mitatu, waliokamatwa tena kwa kosa la ngono walikuwa asilimia 5.3.

Msikimbilie kushangilia. Mimi nimekaa na watoto wanaodhulumiwa, najua ni wangapi hawasemi. Kukamatwa si kukosa. Asilimia 5.3 ni ya waliokamatwa, na ni kwa miaka mitatu tu, kwa hiyo ukweli uko juu ya hapo. Lakini kutoka hapo hadi 80 ni safari, na mahakama kubwa kuliko zote nchini ilisafiri bila kuuliza nauli. Wakili anayekubali tarakimu ya mwenzake bila kuuliza imetoka wapi, huyo amekwisha kushindwa nusu ya kesi.

Miaka ikapita, na daftari likanenepa. Jimbo la Michigan ni mfano mzuri. Liliongeza masharti mwaka 2006, likaongeza tena 2011. Mtu hakuruhusiwa kuishi, kufanya kazi wala kukaa akizubaa ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, kama mita 300 hivi. Akibadilisha gari, ilimbidi aripoti. Akifungua anwani mpya ya baruapepe, ilimbidi aripoti, na si kwa simu, kwa miguu yake. Watu wakalishtaki jimbo kupinga masharti hayo, na mmoja wao alikuwa kwenye daftari kwa kumteka mtu katika wizi wa mkahawani mwaka 1990, kosa ambalo halikuwa na ngono ndani yake hata chembe.

Agosti 2016 kesi yao ilifika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ngazi moja chini ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu iliandikwa na Jaji Alice Batchelder, na kwa wasiomjua, huyu si jaji wa kusifika kwa huruma kwa wahalifu. Ni mhafidhina, aliteuliwa na Rais Bush mkubwa. Ndani ya hukumu alitia ramani. Ramani ya mji wa Grand Rapids, na maeneo yaliyokatazwa yakiwa yametiwa rangi. Ukiitazama, unatafuta mahali ambapo mtu angeweza kupanga chumba.

Fikirieni Mombasa yetu hii. Chukueni kila shule, kila chekechea, kisha mchore duara la mita 300 kuzunguka kila moja. Kibokoni itabaki nini? Majengo itabaki nini? Mtu ataishi juu ya maji?

Jaji Batchelder alisema sheria ile inawapiga watu chapa ya ukoma wa kimaadili kwa sababu tu ya hukumu ya zamani. Na kwa sababu ni adhabu, haiwezi kuwarudia waliokosa kabla haijatungwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya jimbo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Michigan yenyewe ikafika hapo hapo.

Na Alaska, walikoanzia? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Alaska ilisema: Washington wasome Katiba yao wanavyoisoma, sisi tunaisoma Katiba ya jimbo letu, na kwa Katiba yetu hii ni adhabu. Mwaka 2019 ikaenda mbele zaidi. Ikasema mtu aliye kwenye daftari ana haki ya kupewa nafasi ya kuthibitisha kwamba si hatari tena. Lile jibu lililonikwama kooni, Alaska walilitema.

Sasa tuvuke bahari, maana nadhani wenzetu wengine waliona haraka zaidi kiini cha jambo. Wamarekani wametumia miaka mingi wakibishana juu ya neno moja, adhabu. Je, hii ni adhabu au si adhabu? Ubishi mzuri, wa kulisha mawakili. Lakini mwenye kuandikwa hajali mnaliitaje. Anajali kama kuna siku mtu atamtazama tena.

Uingereza, sheria ya mwaka 2003 ilisema anayehukumiwa kifungo cha miezi 30 au zaidi kwa kosa la ngono ataripoti polisi bila kikomo. Hakuna tarehe, hakuna mapitio. Kijana mmoja, mahakama ikamwita F, alitenda kosa akiwa na umri wa miaka 11. Kosa zito, alimbaka mtoto mdogo wa miaka sita, na sitalipunguza hapa ili hadithi yangu iwe tamu. Akahukumiwa miezi 30. Kwa hiyo mvulana aliyekosa akiwa darasa la tano angeripoti polisi akiwa babu.

Aprili 2010 majaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walikubaliana wote. Na angalieni walivyoikata shauri. Hawakusema daftari ni baya. Hawakusema maisha ni marefu mno. Walisema: huwezi kumwekea mtu sharti la maisha, halafu usimpe hata nafasi moja ya kusema “nimebadilika, nipimeni”. Haki ya mtu ya faragha na familia haikubali hivyo, maana wamo ambao wangeweza kuthibitisha.

Serikali ilighadhibika. Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliliambia Bunge kwamba wamesikitishwa na kuchukizwa na uamuzi ule. Lakini walitii. Tangu 2012 mtu anaweza kuomba kupitiwa upya baada ya miaka 15, na aliyekosa akiwa mtoto baada ya miaka 8. Anaomba kwa polisi, na polisi wanaweza kumkatalia. Ni mlango mwembamba. Lakini ni mlango, na mimi katika hukumu zote hizi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyodai kidogo zaidi.

Canada nitaipitia haraka. Daftari lao, tangu 2004, halifunguliwi kwa umma, ni la polisi. Mwaka 2011 Bunge lao liliondoa hiari: jaji hawezi tena kumwacha mtu nje ya daftari, na mwenye makosa mawili au zaidi anaandikwa maisha. Akaja kijana aliyekosa akiwa na miaka 19, aliwadhulumu wanawake wawili kwenye sherehe moja. Kifungo chake miezi sita. Jaji alisema uwezekano wa kurudia ni mdogo. Daftari: maisha, kwa sababu makosa yalihesabiwa mawili. Oktoba 2022 majaji watano kati ya tisa walibatilisha uandikishaji wa moja kwa moja, na wote tisa, hata wale waliotofautiana, walibatilisha ule wa maisha. Kumwandika mtu asiye na hatari zaidi ya wengine, walisema, hakumsaidii polisi kumkamata yeyote. Mwaka uliofuata Bunge likawarudishia majaji sehemu ya hiari yao, likabakiza uandikishaji wa lazima kwa makosa mazito dhidi ya watoto na kwa wanaorudia.

Afrika Kusini ndiko tunakopaswa kutazama zaidi, kwa sababu Katiba yetu na yao ni ndugu. Mtoto wa miaka 14, aliyeitwa J, alitiwa hatiani kwa kuwabaka watoto wadogo. Sheria ilisema aandikwe daftarini, hakimu hana la kusema. Mei 2014 Mahakama ya Katiba, kwa kalamu ya Jaji Thembile Skweyiya, ilisema hapana. Katiba yao inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na maslahi ya mtoto hayawezi kupimwa na sheria inayomkataza hakimu kupima. Mtoto asikilizwe, ndipo iamuliwe. Bunge likapewa miezi 15 kurekebisha.

Someni ibara ya 53 ya Katiba yetu jioni ya leo. Mtadhani mnamsoma Skweyiya.

Narudi nyumbani. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile aliyoipigania Njoki Ndung'u akiwa mbunge kabla hajawa jaji, inataka Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la waliotiwa hatiani. Na Julai 2024 Mahakama yetu ya Juu ilisema vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hiyo vinabaki, hakimu hana ruhusa ya kushuka chini yake. Wengine mlifurahi, wengine mlinung'unika. Mimi nilifanya yote mawili siku moja. Lakini muone swali ni lile lile lililokuwa Ottawa, lililokuwa Johannesburg: kuna mtu anayemtazama huyu aliyesimama hapa, au kuna orodha tu?

Mtaniuliza, na mama yule wa varandani? Nitawaambia jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Mtu aliyemdhulumu mtoto wake alikuwa mjomba wa mtoto. Alikula sahani moja nao. Anwani yake mama aliijua kuliko polisi. Watoto wengi wanaodhulumiwa wanadhulumiwa na mtu wanayemjua, na daftari kubwa kuliko yote duniani halimtangazi mtu ambaye bado hajashikwa. Mama alichokuwa anataka ni simu. Mtu wa ofisi ampigie siku moja kabla, amwambie: kesho anatoka, na masharti yake ni haya. Hiyo haihitaji tovuti wala ramani. Inahitaji afisa mwenye namba yake na salio.

Patty Wetterling, mama yake Jacob, alipigania sheria ile kwa nguvu zake zote. Baadaye akaanza kusema hadharani kwamba daftari limetanuka kupita lilivyokusudiwa, hasa kwa watoto. Nikisikia mwanasiasa anasema anayehoji daftari hajali watoto, namkumbuka huyu mama.

Nimeongea sana, na chai inapoa. Naona mkono wa dada pale nyuma uko juu tangu nilipotaja Michigan. Tuanze na yeye.